Mjadala: Ni haki kombe la taifa la besiboli kuchezwa kila mwaka nyumbani kwa timu moja?

Mleta mada:
Ndugu zangu, hili limenikaa kooni, tulijadili bila kurushiana maneno.

NCAA tunaijua, chama cha michezo cha vyuo vikubwa vya Marekani, chenye mikataba ya televisheni. NAIA ni chama cha vyuo vidogo vya Marekani, vingi vikiwa vya makanisa. Kila mwisho wa Mei timu 10 hukutana kugombea kombe la taifa la besiboli, na hutolewi mpaka ufungwe mara mbili. Wanakutana Harris Field, mjini Lewiston, Idaho, pale mto Clearwater unapoingia Snake. Sasa, Harris Field ni uwanja wa chuo cha Lewis-Clark State, na hao hao ndio wenye makombe mengi kuliko wote: 19. Tena kwa miaka mingi wenyeji waliingizwa moja kwa moja huku wenzao wakisota kwenye mchujo.

Nipeni dakika mbili za hesabu. Kuanzia 1984 hadi 1991 mashindano yalikuwa Lewiston, miaka 8. Wenyeji walibeba mara 7. Mwaka 1986 tu ndipo chuo cha Grand Canyon kilipowaponyoka. Kuanzia 1992 hadi 1999 yakapelekwa miji mingine, miaka 8 vilevile, kocha yule yule Ed Cheff. Wakabeba mara 3. Mwaka 2000 yakarudi Lewiston, wakabeba mwaka huo huo, na kufikia 2017 wakaongeza mengine 8.

Saba na tatu. Mnataka ushahidi gani zaidi? Mgeni anatoka Florida au Georgia, na uwanja mkubwa wa ndege ulio jirani uko Spokane, kama kilomita 160 kutoka hapo. Mwenyeji ameamkia kitandani kwake, na mpira ukidunda kwenye nyasi zile anajua utakwenda wapi kabla haujafika. Mimi nasema yahamishwe walau kila mwaka wa tatu.

Mkazi wa Idaho:
Kaka, hesabu yako ni nzuri ila umeisoma upande mmoja. Hayo 3 waliyochukua ugenini kati ya 8, kuna chuo kingine kilichopata hata mawili kipindi hicho? Hakuna. Timu ilikuwa bora, basi. Cheff amestaafu 2010 akiwa na makombe 16, huyo ungemchezesha hata jangwani angekusumbua.

Na mbona umeishia 2017? Tangu hapo wenyeji hawajaligusa kombe, na uwanja ni ule ule. Mwaka 2023 walifika mchezo wa mwisho, Westmont wakawachapa mbele ya watu wao. Mwaka 2025 LSU Shreveport wakatua wakiwa hawajafungwa msimu mzima, wakaondoka na kombe, michezo 59, ushindi 59. Wageni hao. Mbona nyasi hazikuwazuia?

Halafu usilolisema: Lewiston ni mji wa watu elfu thelathini na kitu, na wanajaa. Utamkuta mzee na kofia yake na thermosi ya kahawa, asubuhi, anaangalia timu mbili asizozijua hata moja, na anashangilia kila mpira unaodakwa vizuri. Ukiyapeleka jiji kubwa, nani atajua kuna mashindano?

Shabiki wa Msimbazi:
CHAN ya 2024 iliyochezwa huku kwetu Agosti 2025, Tanzania, Kenya na Uganda zote ziliingia kwa tiketi ya uenyeji. Zote tatu zikaishia robo fainali. Uenyeji haufungi mabao.

Mleta mada:
Msimbazi, CHAN ikiisha inafunga virago inakwenda kwingine. Hapa nazungumzia mwenyeji wa kudumu.

Mkazi, sikatai kwamba mji unajaa. Lakini mfano mzuri upo: vyuo vya miaka miwili vinacheza fainali zao Grand Junction, Colorado, tangu 1959. Mji mmoja, watu wanajaa, na chuo kinachotumia uwanja ule, Colorado Mesa, ni cha miaka minne, kwa hiyo hakimo kwenye mashindano. Hata Omaha, zinakochezwa fainali za vyuo vikubwa, kipo chuo cha Creighton pale pale mjini, lakini kimefika fainali hizo mara moja tu, 1991. Tatizo langu si mji kuwa mmoja. Tatizo ni mji huo kuwa na mgombea, na mgombea mwenyewe ndiye jabali.

Mama Neema:
Nyote mnaongelea makombe. Mimi nawaangalia vijana. Wengi wao hawatacheza tena baada ya wiki hiyo. Jumatatu inayofuata ni kutafuta kazi. Ukimuuliza kijana wa chuo kidogo kama anataka kufungwa na wenyeji mbele ya maelfu au kushinda mbele ya wazazi sita na mlinzi wa geti, usishangae akichagua la kwanza. Mleta mada, huo mji wako wa mwaka wa tatu uutaje jina, useme na nani atalipa. Ukishautaja, mimi nitakuunga mkono.

Mleta mada:
Mama Neema, swali la nani atalipa sina jibu lake leo. Ila walau hili la kuingizwa bila mchujo lisirudi kamwe. Kuna anayelipinga?

Mkazi wa Idaho:
Hilo hata huku tunakubali. La kuhama, hapana.