Naomba ushauri: kusimika sola chini kwenye udongo wa mbuga

Habari zenu wakuu. Nina shamba dogo Manyoni, nataka kufunga paneli 4 za wati 330. Kwenye bati haiwezekani, mwembe unatia kivuli kuanzia saa nane, na mwembe wenyewe siukati. Kwa hiyo nasimika chini, zitazame kaskazini, zilale nyuzi 15 ili mvua ioshe vumbi.

Shida ni udongo mweusi: kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, mvua zikianza unavimba. Nguzo ya majaribio, futi 2 na zege, imeshainama.

Nichimbe hadi wapi, au fremu nzito inayokaa juu ya ardhi ni salama zaidi kwa upepo wa huku?

Pia hadi kwenye betri ni mita 35. Chaja ya MPPT (kifaa kinachopokea umeme wa paneli na kuchaji betri) mwisho wake kupokea ni volti 150, nimepanga kuunga paneli mbilimbili kwa mfululizo (series). Waya wa milimita za mraba 6 utatosha, au niende 10?