Wasiwasi wa udhu: ni shetani au ni maradhi?

BintiPwani: Assalaam alaykum. Mtu anatawadha mara saba, nane, kila swala. Takbira ya kuhirimia, ile ya kufungulia swala, anaikata na kuianza upya mpaka imamu yuko rakaa ya pili. Ameshasomewa ruqya, yaani kisomo cha kumponya, akaambiwa azidishe istighfari. Hali ndiyo inazidi. Wa nyumbani wafanye nini?

AbuSuhayl: Wa alaykum salaam. Kiungo huoshwa mara moja kwa faradhi, tatu kwa sunna. Ya nne ni makuruhu, haipendezi. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja ya maji, haifiki lita. Sasa, mwenye shaka ya rakaa tatu au nne hujengea tatu, akaongeza moja na sijda mbili za kusahau. Hiyo ni hukumu ya mzima. Aliyetawaliwa na wasiwasi haitazami shaka, anaendelea tu. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa sheria, Mshafii kama watu wa pwani, alipoulizwa dawa ya wasiwasi alisema ni kuupuuza kabisa. Kosa la maustadhi wengi ni kumpa mgonjwa hukumu ya mzima.

Mshauri_Afya: Hapo umegusa penyewe. Kurudia udhu kunashusha hofu dakika chache, kisha akili inashika kwamba bila kurudia hakuna salama. Ruqya au istighfari ikiletwa kila shaka inapoingia, nayo inageuka kurudia kwingine. Hata "wallahi udhu wako umetimia" ya mama mkwe jikoni! Jibuni mara moja tu, msirudie.

Zoezi: jagi la nusu lita, bomba limefungwa. Kila kiungo mara moja, kisha aende kuswali *akiwa na shaka yake*. Asisubiri moyo utulie, wengi hukwama hapo. Hofu itapanda, halafu itashuka yenyewe. Kwa mtaalamu wa afya ya akili huchukua vikao 12 hadi 20 hivi. Dawa kama fluoksetini huandikwa na daktari, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya sonona, na huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema haifanyi kazi. Akitaja kutaka kufa, hospitali siku hiyohiyo.

BintiPwani: Na nia? Anaitamka mara ishirini.

AbuSuhayl: Nia mahali pake ni moyoni, kuitamka ni sunna tu kwetu. Huyu aiache kuitamka. Aliyekunja mikono ya kanzu akainamia jagi ili atawadhe, ameshanuia.