Mafuta ya nazi yameshiba kuliko shahamu ya ng'ombe, mbona yanayeyuka upesi?

Kidato_cha_Sita
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwenye lipidi. Tunaambiwa mafuta yenye asidi zilizoshiba huganda na yasiyoshiba hubaki majimaji. Sasa jedwali linaonyesha mafuta ya nazi yana asidi zilizoshiba karibu asilimia 90, shahamu ya ng'ombe kama asilimia 50 tu. Kwa hesabu hiyo nazi ingekuwa gumu la kukatwa kwa kisu. Mbona chupa yake Dar ni majimaji karibu mwaka mzima, na shahamu imeganda sufuriani saa saba mchana?

La pili, kolesteroli haina gliseroli wala asidi ya mafuta ndani yake. Imeingiaje kwenye lipidi? Na jaribio la ethanoli linaweza kuitofautisha na mafuta ya kawaida?

kaboni12
Hujakosea kusoma, ila umesoma safu moja ya jedwali. Kuganda kunategemea mambo mawili kwa pamoja: mnyororo wa kaboni wa asidi una bondi maradufu (haujashiba) au hauna (umeshiba), na una kaboni ngapi.

Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, kaboni 12. Shahamu imejaa palmitiki ya kaboni 16 na steariki ya kaboni 18. Minyororo hushikana ubavu kwa ubavu kwa nguvu ndogondogo, na mfupi una pa kushikia pachache. Angalia nyuzi za kuyeyuka, kila asidi ikiwa peke yake: lauriki 44, palmitiki 63, steariki karibu 69. Zikishafungwa tatu tatu kwenye gliseroli namba hubadilika, mwelekeo haubadiliki. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, shahamu 40 na kuendelea. Ndiyo maana chupa ileile ni maji Dar na donge Njombe.

Sasa bondi maradufu. Steariki na oleiki zote zina kaboni 18 na zinatofautiana kwa atomi mbili tu za haidrojeni, lakini oleiki huyeyuka kwenye nyuzi 13. Bondi yake iko kwenye kaboni ya 9, na hapo mnyororo umekunjwa kama kiwiko. Funga mzigo wa kuni zilizonyooka, kisha funga wa kuni zilizopinda, uone upi unabanana. Linoleiki, inayotawala alizeti ya kawaida, ina viwiko viwili na huyeyuka kwenye -5.

Usidhani kinacholeta tofauti ni upungufu wa haidrojeni wenyewe. Asidi ya elaidiki ina atomi zilezile za oleiki na bondi palepale, ila imekaa kitransi, mnyororo ukanyooka. Huyeyuka karibu nyuzi 45. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikijaa kwenye majarini za zamani zilizotiwa haidrojeni nusunusu.

Mawese ya Kigoma yanaonyesha hali zote mbili ndani ya dumu moja. Palmitiki ni kama asilimia 44, oleiki 40. Yaache yatulie, juu utapata wekundu mwembamba, chini uji mzito wenye chenga.

MamaMaabara
La kwanza limekwisha, niendelee na la pili.

Lipidi ni kundi la tabia, si la umbo. Sharti ni kutoyeyuka majini na kuyeyuka kwenye ethanoli, etha au kloroformu. Ni kama kusema vyakula vya kukaanga: samaki, muhogo na andazi vimo humo na havina undugu. Vitabu vingi vya shule vinafuata mgawanyo wa zamani wa mkemia Bloor: lipidi sahili (nta na trigliseridi, yaani asidi tatu zilizofungwa kwenye gliseroli), changamano (fosfolipidi na glikolipidi), na zinazotokana na hizo, ambako wametupwa steroidi na vitamini A, D, E na K. Hilo la tatu mimi naliona ni jalala. Mwaka 2005 watafiti wa mradi wa LIPID MAPS walipendekeza makundi 8 yanayofuata jinsi molekuli inavyojengwa mwilini, na humo steroli (ukoo wa kolesteroli) ni jirani wa karotini kwa sababu zote huanzia kwenye vipande vya isoprini vya kaboni tano tano. Kwa mtihani andika Bloor, kwa kuelewa fuata LIPID MAPS.

Kolesteroli yenyewe ina kaboni 27, pete nne zilizoshikana, mkia mfupi, na OH moja. OH hiyo hukaa upande wa maji kwenye utando wa seli, pete zikazama katikati ya mikia ya fosfolipidi. Joto likipanda pete huzuia mikia isiyumbe ovyo, baridi ikija huizuia isijipange ikaganda. Ini linaitumia kutengeneza chumvi za nyongo, tezi zinatengeneza kortisoli, testosteroni na estrojeni. Vitamini D3 haitoki kwenye kolesteroli kamili bali kwenye hatua iliyo nyuma yake, 7-dehaidrokolesteroli, ikipigwa na jua ngozini. Wengi hukosa alama hapo.

Fosfolipidi ni rahisi: chukua trigliseridi, ng'oa asidi moja, weka fosfati na, kwa mfano, kolini. Umepata kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, nazo hujipanga zenyewe tabaka mbili lenye unene wa nanomita 5 hivi. Trigliseridi haina kichwa, kwa hiyo haijengi utando, hukusanyika matone. Kazi yake ni ghala: kilokalori 9 kwa gramu, na haibebi maji kama glikojeni.

Jaribio la ethanoli sasa. Ponda sampuli, mfano karanga mbili, weka kwenye testi tyubu kavu na mililita 5 za ethanoli. Tikisa dakika moja, acha itulie, mimina kimiminika cha juu kwenye tyubu yenye maji kiasi hichohicho. Ukungu mweupe kama maziwa maana yake kuna lipidi. Tyubu ikiwa na maji tangu mwanzo, ethanoli inazimuliwa na haitoi mafuta. Ukimimina pamoja na machicha, weupe unaouona unaweza kuwa wa unga. Na hapana, haiwezi kutofautisha kolesteroli na trigliseridi, maana inapima ile tabia ya kundi zima.

SabuniTanga
Kipimo kinachotofautisha ni kostiki (hidroksidi ya sodiamu). Trigliseridi na fosfolipidi zina bondi za esta, zile zinazoshika asidi kwenye gliseroli; kostiki inazikata na kutoa sabuni. Kolesteroli, vitamini E na karotini hazina cha kukatwa, zinabaki kama zilivyo.

Na hapa urefu wa mnyororo aliousema kaboni12 unaonekana kwenye mizani. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inakula kama gramu 183 za kostiki, ya alizeti 135. Molekuli fupi ni nyepesi, kwa hiyo kilo moja ina molekuli nyingi na esta nyingi. Anayebadilisha mafuta bila kubadilisha kostiki ndiye anayeharibu. Kipimo cha nazi ukikitia kwenye alizeti, karibu gramu 48 za kostiki hazina kazi na sabuni inaunguza ngozi. Ukigeuza, zaidi ya robo ya mafuta ya nazi inabaki haijaguswa, sabuni inateleza na baadaye inachacha.

Kidato_cha_Sita
Asanteni sana wakuu. Kwa hiyo chupa ya alizeti iliyoandikwa "haina kolesteroli" ni bora kuliko ya nazi?

MamaMaabara
Ya nazi nayo haina. Mimea ina steroli zake, kolesteroli ni chembe tu zisizofika kwenye lebo. Lakini asidi zilizoshiba za nazi hupunguza kazi ya vipokezi vya LDL (chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu) kwenye ini, LDL ikabaki kwenye damu. Vipokezi hivyo ndivyo vilivyowapa watafiti Brown na Goldstein Nobeli ya mwaka 1985. Kwa hiyo soma mstari wa mafuta yaliyoshiba, yale maandishi makubwa ya mbele hayakwambii kitu.

kaboni12
Nyongeza kwa alizeti: kaboni iliyo katikati ya viwiko viwili vya linoleiki inashambuliwa na oksijeni upesi, zaidi ya mara 10 kuliko oleiki. Chupa iwekwe gizani na ifungwe vizuri, na mafuta ya kukaangia yakianza kutoa povu zito na kunata, mwaga.

Kidato_cha_Sita
SabuniTanga, gramu 183 natumia zote?

SabuniTanga
Hapana, punguza asilimia 5, tumia 174. Maji gramu 350 hivi. Kostiki ndiyo inamiminwa kwenye maji kidogokidogo, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, yatachemka na kukurukia. Vaa glavu na miwani, chombo kisiwe cha aluminiamu. Na kama kopo la kostiki limekaa wazi likashikana mabonge, limeshavuta unyevu na hewa ya ukaa, hesabu hii haitakaa sawa. Nunua jipya.