MJADALA: Mwalimu mgeni akitajiwa bei kubwa sokoni Dar, ni dhuluma au ndiyo biashara?

Mchumi wa Mwenge (mwenye mada)
Wadau, salaam. Chukulieni mwalimu wa uchumi kutoka nje, ana kibali cha ukaazi, anafundisha hapa Dar. Nanasi ambalo jirani yake analichukua kwa 2,000, yeye anatajiwa 4,000. Anajiuliza: mshahara wangu unamzidi muuzaji mara kadhaa, nikibishania 2,000 si uchoyo? Na nikilipa, namuumiza nani?

Hoja yangu: bei mbili kwa kitu kimoja si dhambi. Daladala ina nauli ya mwanafunzi na ya mtu mzima. Hifadhi za taifa zina viwango vitatu: raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkazi, na mgeni wa kupita. Mwalimu wetu anaangukia katikati na analipa bila kinyongo. Iweje nanasi liitwe wizi?

Muuza nafaka, Tandika
Mchumi, kwanza tutenganishe bei na kipimo. Bei ya kwanza sokoni ni ya kufungulia mazungumzo, mwenyeji anajua hivyo, anashusha. Asiyejua analipa kama ilivyotajwa. Hilo linampata hata Mtanzania aliyeshuka jana kutoka Mbeya akaingia Kariakoo kutafuta kitenge. Si rangi, ni ugeni wa bei. Nenda dukani kwa Mangi kanunue sukari: mgeni na mwenyeji wanalipa sawa, kwa sababu bei ya sukari mtaa mzima unaijua.

Wizi uko kwenye kipimo. Sado ni kopo la rangi la lita 4. Likibonyezwa kitako kwa ndani, au mbavu zikaminywa kidogo, macho hayaoni kitu lakini mchele umepungua. Kulijua ni rahisi: chupa za maji za nusu lita, nane. Kopo zima linameza zote nane. Likianza kumwagika chupa ya saba, hilo limeshaguswa. Halafu tazama mkono wa muuzaji: jirani anapimiwa tele, kichuguu kinasimama juu ya kopo, mgeni anapimiwa mfuto, kiganja kinapita juu kikisawazisha. Bei ni ileile, na mgeni anaondoka akishukuru. Hapo mimi siiti biashara.

Mwanafunzi wa fikihi, Buguruni
Naunga mkono kwa nyongeza. Kupunja kipimo kumelaaniwa waziwazi katika Suratul Mutaffifin, halina mjadala. Kwenye bei, msingi ni kuridhiana. Ila yapo makatazo yanayogusa swali hili moja kwa moja: Mtume (s.a.w.) alikataza kuwatokea njiani wenye msafara wa bidhaa kabla hawajafika sokoni. Hapo anayeonewa ni muuzaji, maana bado hajaijua bei ya mji. Akiuza njiani kisha akafika sokoni, amepewa khiyari, yaani anaweza kuuvunja mkataba. Kutojua bei kumehesabiwa kuwa udhaifu unaostahili kulindwa. Kwa hiyo, ndugu mchumi, "amekubali mwenyewe" haitoshi.

Dalali wa nyumba, Mikocheni
Nyie mnazungumzia nanasi, mimi naona kodi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kudai malipo kwa fedha za kigeni hapa nchini. Sawa, mwenye nyumba anaandika shilingi. Lakini kiasi hakikuguswa: anachukua dola alizokuwa akidai, anazigeuza, basi. Mwalimu mgeni ambaye mwajiri ndiye anayelipa kodi habishani; anasaini mwaka mzima. Mwenye nyumba wa ukuta wa pili anasikia kabla mzigo haujashushwa. Mkataba wa mpangaji wake, mwalimu wa shule ya kata, ukiisha, naye anaitaka kwake bei ileile. Mpangaji anahama, na huko aendako atatakiwa atoe miezi sita mbele pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Kwa hiyo swali la "namuumiza nani" lina jibu, ila aliyeumia hayupo pale bei inapokubaliwa.

Mama wa vipindi, Temeke
Na ule mfano wa nauli, mchumi, unakugeuka. Nenda kituoni asubuhi. Konda ana nafasi moja, kituoni kuna mtoto wa sare na mtu mzima. Hesabu ya tajiri, yaani fedha ambayo konda anampelekea mwenye gari kila siku, haipungui kwa sababu amebeba wanafunzi. Atafunga mlango nusu, atasema gari imejaa, mtu mzima atapanda. Bei mbili kwenye mlango mmoja zinampa muuzaji sababu ya kumkwepa anayelipa kidogo. Nauli ile nzuri, naitetea, lakini bila msimamizi kituoni mtoto anachelewa kipindi cha kwanza kila siku.

Mchumi wa Mwenge
Mama, nakubali, hapo nilipita haraka. Tofauti ya bei inamsaidia mnyonge pale tu muuzaji asipoweza kuchagua nani wa kumhudumia. Getini hifadhini kuna ubao wa bei na risiti, na askari hamrudishi mwenyeji kwa sababu mgeni yuko nyuma yake. Chumba cha kupanga kinachukua mmoja. Lakini nanasi bado nalitetea kidogo: mananasi yapo mengi, mwenyeji hakosi.

Muuza nafaka, Tandika
Hakosi siku wageni ni wawili. Soko likiwa karibu na wanakoishi wageni wengi, muuzaji anaweka pembeni matunda makubwa akiwasubiri, jirani anabakiziwa yaliyopondeka.

Ushauri kwa mwalimu: aulize bei kwa watu watatu kabla ya kugusa mzigo, na asiulize kitu kikiwa tayari kwenye mfuko. Boda akubaliane kabla ya kupanda. Akisharudia kwa muuzaji mmoja mara nne tano, anakuwa mteja, na atapimiwa tele bila kuomba. Akitaka kutoa zaidi kwa sababu anacho, alipe kwanza 2,000 ya jirani, kisha aache chenji na aseme ni zawadi. Bei aliyolipa, hata muuzaji wa meza ya tatu ataisikia. Zawadi hakuna anayempangia nayo bei mteja anayefuata.