Dibaji ya diwani ya Babu

Salma: Shikamooni wakubwa zangu. Mashairi ya marehemu Babu nimemaliza kuyachapa jana usiku, imebaki dibaji. Mwenzangu mmoja ananishauri niite "utangulizi", eti dibaji ni neno la kizamani. Mwasemaje?

Mjomba: Marahaba mwanangu. Usilitoe! Dibaji asili yake ni nguo.

Idi: Nguo, Mjomba?

Mjomba: Hariri nzito yenye maua. Waajemi wakiita *diba*, Waarabu wakaichukua, ikawa *dibaji*. Wanakili wa vitabu nao wakawa wanaupamba ukurasa wa kwanza kwa dhahabu na rangi, ukapendeza kama kitambaa hicho. Maneno ya ufunguzi yakaitwa kwa jina la nguo. Hata huku kwetu, tazama misahafu ya mkono ya Siyu, kisiwani Pate, nakshi zake nyekundu na nyeusi. Sisi neno limetufikia la vitabuni, nguo tumeisahau.

Salma: Subhanallah. Tangu shule naliandika hilo neno!

Shangazi: Nipo na Bibi, nimemsomea yote. Kaniambia fungua sanduku. 📷

Idi: Mashallah! Ile nguo ya zari aliyoletewa na Babu?

Shangazi: Ndiyo hiyo. Anasema igeuzeni muone. Kwa ndani nyuzi za zari zinaning'inia ndefundefu, zinaruka toka ua hadi ua. Anasema hii haikudariziwa. Ua limefumwa humohumo kwenye mshindio, zile nyuzi za kukingama, ukitaka kulitoa utaichana nguo.

Mjomba: Bibi kasema kweli tupu. Na zari pia ni la Kiajemi, *zar*, dhahabu. Halafu someni Suratur-Rahman, aya ya 54: matandiko ya Peponi, bitana yake istabraki, hariri nzito hiyohiyo. Bitana, jamani! Huo upande wa juu ukoje?

Salma: Basi dibaji inabaki. Ila naogopa kuiandika mimi. Babu kila utenzi alianza kwa Bismillahi, kisha akaomba wino na karatasi. Nitamfikia wapi?

Shangazi: Bibi anauliza, kwani dibaji yake Babu hukuiona? Beti nne.

Salma: Hapana! Daftari nililopewa linaanzia ukurasa wa tano.

Shangazi: Ngoja.

Shangazi: Zilikunjwa ndani ya nguo hii. Karatasi mbili, wino mwekundu, hati ya Kiarabu. Nazipiga picha sasa hivi, Mjomba atusomee.