Jiwe la Aprili 2029 na daftari la kura: gumzo la majirani wa Pasua, Moshi

*Kikundi cha WhatsApp: MAJIRANI PASUA – SHIDA NA RAHA*

Mama Glory (2:06 usiku)
⏩ Imetumwa mara nyingi
NDUGU MPENDWA USIPUUZE!! Wanasayansi WAMEKIRI jiwe liitwalo APOPHIS litaipiga dunia IJUMAA 13 APRILI 2029. GIZA SIKU TATU. Serikali zote zinajua, ndiyo maana uchaguzi wa 2030 HAUTAKUWEPO. Usihangaike kujiandikisha. Weka mishumaa, unga, mafuta ya taa. ZIBA MADIRISHA. Tuma kwa watu 12 kabla ya usiku wa manane.

Mama Glory (2:07)
Jamani hii imekaaje? Mama mkwe kule Kibosho ameshaulizia bei ya katoni ya mishumaa.

Mangi Duka (2:08)
Mishumaa ipo 😄

Baba Ibra (2:09)
Mimi 2030 sisumbuki nayo hata bila jiwe. Lije tu.

Mjumbe (admini) (2:11)
Kabla hamjawasha moto: siasa za vyama humu hapana. Daftari na utaratibu wa kura ruksa. Mwalimu upo? Shikamoo.

Mwalimu (2:15)
Marahaba. Nipo.
Jiwe lipo, na tarehe ni ya kweli. Ndiyo maana uzushi huu unauzika kuliko ule wa kawaida. Apophis iligunduliwa 2004, upana wake unakaribia mita 350. Siku hiyo itapita umbali wa kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa dunia. Setilaiti zinazorusha matangazo ya ving'amuzi vyenu ziko kilomita 35,786 juu, kwa hiyo itapita chini ya hizo. Kwa saa zetu itakuwa karibu zaidi saa 6:46 usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 14. Mbingu ikiwa safi itaonekana kwa macho, kama nyota inayotembea taratibu. Haitagonga. Vipimo vya rada vya Machi 2021 viliondoa uwezekano wa kugonga kwa miaka 100 ijayo.

Mama Glory (2:17)
Sasa mbona wanasema wanasayansi wamekiri?

Mwalimu (2:22)
Desemba 2004 walisema uwezekano ni asilimia 2.7. Anayetaka kuwatisha watu anachukua namba ya 2004 na kuacha ya 2021.
Jingine la kujua: namba hizi mara nyingi hupanda kabla ya kushuka, na hapo ndipo watu hupagawa. Tandaza khanga, weka sarafu juu yake. Khanga ni mahali pote jiwe linapoweza kupita, sarafu ni dunia. Kila wanapopima upya wanaikunja khanga. Sarafu ikiwa bado juu ya kipande kilichobaki, sehemu yake inaonekana kubwa zaidi, asilimia inapanda. Mkunjo mmoja zaidi, sarafu inabaki nje, asilimia inakuwa sifuri. Februari 2025 ilitokea hivyo hivyo kwa jiwe la 2024 YR4, lile la Desemba 2032. Lilipanda hadi asilimia 3.1, na mwezi ule ule haujaisha hatari ikawa imefutika. Waliotuma ujumbe wa kupanda hawakutuma wa kushuka.

Fundi Rama (2:25)
Na giza siku tatu linatoka wapi?

Mwalimu (2:28)
Halitoki popote. Jiwe la mita 350 haliwezi kuziba jua. Hilo giza limebandikwa kutoka ujumbe mwingine, ule wa "dunia itakuwa giza dakika 6" uliozunguka katikati ya 2025. Chanzo chake ni kupatwa kwa jua kamili kwa tarehe 2 Agosti 2027, ambako Luxor, Misri, kutadumu zaidi ya dakika 6. Hapa Moshi tutaona jua likimegwa sehemu tu, mchana. Waliokwenda Rujewa, Mbarali, kwenye kupatwa kwa jua kwa 1 Septemba 2016 waliona zaidi: pete nzima ya jua.
Wazazi, Agosti 2027 msiwape watoto filamu ya eksirei wala kioo cha kupaka masizi. Miwani ya jua ya kawaida nayo haifai. Ni miwani maalumu yenye alama ISO 12312-2, na ikiwa na mkwaruzo itupwe.

Fundi Rama (2:33)
Niongeze la umeme, maana mwisho wa dunia mmoja ulishapita ukutani kwenu. Mita za LUKU zilikuwa zikikumbuka muda kwa kuhesabu dakika tangu mwanzo wa 1993. Nafasi ya kuhifadhi hesabu ni biti 24, yaani dakika 16,777,215 basi. Zikaisha 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuhuishwa ingeendelea kuwaka na uniti zilizomo ila ingekataa token mpya. Ndiyo maana mliletewa makundi mawili ya tarakimu 20 ya kuingiza kwanza, kwa mpangilio, ndipo token ya umeme. Waliokwama wengi walianza na token au waligeuza mpangilio. Hesabu ikaanza upya kutoka 2014, itajaa tena 2045.

Mwalimu (2:35)
Safi kabisa Rama. Ule mwisho wa dunia wa kalenda ya Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, wa 21 Desemba 2012 ulikuwa hivyo hivyo: baktuni 13, yaani vipindi vya siku 144,000 kila kimoja, zimetimia, kalenda inaingia mzunguko mwingine.

Dada Upendo (2:38)
Na waliozaliwa 2012 kabla ya Oktoba ndio watakaotimiza miaka 18 kwa uchaguzi wa 2030 😅 Mama Glory, Glory si wa mwaka huo?

Mama Glory (2:39)
Wa Machi 2012!

Dada Upendo (2:47)
Basi sikilizeni, ujumbe huu mimi unanikera kwenye ule mstari wa "usihangaike kujiandikisha". Mishumaa ukinunua utaitumia siku umeme ukikatika. Jina likikosekana kwenye daftari siku ya kura, msimamizi wa kituo hawezi kuliandika pale.
Utaratibu ni huu. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura huboreshwa mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, na kila mkoa hupewa siku zake chache tu. Ukizikosa unasubiri awamu ya pili, ukikosa na hiyo basi tena. Anayeandikishwa ni mwenye miaka 18 au atakayeitimiza kabla ya siku ya kura, kwa hiyo Glory asiambiwe "subiri ufike 18". Mwenye kadi ya zamani ambaye hajahama na taarifa zake ziko sawa hana haja ya kuandikishwa upya. Kila mara kunazuka ujumbe kwamba kadi za 2015 zimefutwa, watu wanaenda kujiandikisha mara ya pili, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Aliyehama, tuseme kutoka Arusha kuja huku, anakwenda kituo cha huku na kadi yake kuhamisha taarifa. Habebi kadi mbili.

Mangi Duka (2:49)
Na sisi tuliojiandikisha kwa mwenyekiti wa mtaa 2024?

Dada Upendo (2:54)
Hapo ndipo wengi huangukia. Ile ilikuwa orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa, wa 27 Novemba 2024. Inasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, haihusiani na daftari la Tume ya Uchaguzi. Ukiwa kwenye moja haina maana uko kwenye jingine. Uchaguzi wa mitaa unaofuata ni 2029, na hauhitaji kadi ya kura bali jina lako kwenye orodha ya mtaa wako, inayoandikwa upya wiki chache kabla. Siku ikifika, nenda usome orodha ikibandikwa. Angalia herufi za jina. Kimaro akiandikwa Kimario, rekebisha kipindi cha pingamizi.

Baba Ibra (2:57)
Upendo nakuheshimu, lakini tuseme ukweli. 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa siku ya kura yenyewe. Mtu anaambiwa dunia inaisha, anaona bora aamini jiwe kuliko kuamini utaratibu.

Mjumbe (admini) (2:58)
Taratibu Baba Ibra.

Dada Upendo (3:06)
Mwache, hoja yake ina uzito. Na matokeo ya Rais yakishatangazwa, Katiba ibara ya 41(7) hairuhusu mahakama kuyachunguza. Sitakudanganya kwamba kila kitu kinarekebishika.
Lakini karatasi ni tatu: Rais, Mbunge, Diwani. Kura zinahesabiwa pale pale kituoni, baada ya saa 10 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa 10 inapogonga anapiga. Matokeo ya Rais, mbunge na diwani yanaingia kila moja kwenye fomu yake, mawakala wa vyama wanasaini na nakala inabandikwa. Udiwani unaweza kuamuliwa kwa kura chache, na diwani ndiye wa mtaro wetu wa maji. Kesi ya ubunge mahakamani inapokelewa, na fomu ya kituo ndiyo ushahidi. Wakala asiyejua kujumlisha fomu ni hasara kuliko kutokuwa na wakala.
Na tarehe ya uchaguzi ikiahirishwa, sheria hutaja sababu. 2005 uchaguzi ulisogezwa kutoka 30 Oktoba hadi 14 Desemba kwa kifo cha mgombea mwenza. Arusha Mjini 2015 walipiga kura ya Rais 25 Oktoba, ya mbunge wakasubiri hadi 13 Desemba kwa sababu mgombea mmoja alifariki. Hakuna mahali jiwe limetajwa.

Baba Ibra (3:09)
Hilo la diwani nimelielewa. La Rais tuliache.

Dada Upendo (3:09)
Tuliache.

Mangi Duka (3:16)
Haya, mimi naharibu biashara yangu mwenyewe. Msinunue unga wa kuweka. Dona ina kiini chenye mafuta ndani yake, wiki chache tu inachacha na kuwa chungu. Sembe inakaa zaidi lakini inaingia funza. Anayetaka akiba anunue mahindi. Kwanza yakauke: chukua chupa kavu, weka mahindi hadi robo, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha kumi. Chumvi ikishika kwenye chupa, bado mabichi, rudisha juani. Ikidondoka yote chini, tayari. Halafu mfuko wa PICS: ndani mifuko miwili ya nailoni, nje kiroba. Jaza, kamua hewa, sokota, kunja, funga kila mfuko peke yake. Dumuzi anakufa kwa kukosa hewa, bila dawa. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasiufikie, maana tundu moja linaharibu kazi yote. Ukifunga mahindi mabichi humo unatengeneza sumukuvu.

Fundi Rama (3:20)
Na "ziba madirisha" ndiyo itakayoua watu kabla ya jiwe. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa linatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Unaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi, huamki. Mkaa ukiwa mwekundu bila moshi bado unaitoa. Mama Glory hilo mwambie mama mkwe leo hii, usisubiri kesho.

Mama Glory (3:21)
Nampigia sasa hivi.

Mjumbe (admini) (3:27)
Tunaliona la kuchekesha, lakini Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya watu walikufa katika kundi lililowaambia dunia inaisha. Waumini walikuwa wameuza mali zao. Shakahola, Kenya, 2023, wamefukuliwa zaidi ya watu 400, walioambiwa wafunge hadi kufa wakutane na Yesu. Dalili zinafanana: uza shamba, toa mtoto shule, acha dawa, usiongee na ndugu walio nje. Ukisikia mojawapo kwa jirani, usibishane naye Maandiko. Njoo kwangu au polisi mapema. Mtu anayefuatilia tu tarehe hana neno. Anayeanza kugawa vyombo ndiye wa kukimbilia.

Fundi Rama (3:33)
Kwa wanaotaka maandalizi ya kweli, ya umeme na mtandao kukatika: maji lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote. Watu watano siku tatu ni lita 225, pipa moja na ndoo. Ya kunywa, kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa ndoo ya lita 20, subiri dakika 30. Yakiwa na tope chuja kwanza kwa kitambaa, kisha weka vidonge viwili. Redio ya betri. Pesa taslimu za noti ndogo. Menyu za nyota-reli za pesa za simu hazihitaji intaneti, ila wakala wa pesa naye akiishiwa floti umekwama.

Mama Glory (3:41)
Nimeongea naye. Mkaa amekubali uwe nje. Mishumaa bado anaitaka. Na anauliza, ujumbe kama huu mwingine ukija atajuaje?

Fundi Rama (3:48)
Mishale miwili na "imetumwa mara nyingi" ina maana umepita mikono mitano au zaidi, aliyekutumia siye aliyeandika. Picha: piga skrinishoti, ifungue kwenye Google Lens, unaweza kuona ilikowahi kutokea kabla. Video: simamisha mahali penye bango au namba ya gari, piga skrinishoti, fanya hivyo hivyo. Sauti ndiyo ngumu. Sikiliza kama inataja jina kamili, mahali na tarehe. Ikisema "daktari mmoja wa hospitali ya KCMC" bila jina, futa. Na ikikuhimiza utume kwa watu 12, hiyo inatosha kuifuta.

Mwalimu (3:50)
Wa Kibosho atume kwangu tu, nitamjibu kwa sauti. Kusoma maandishi madogo kunamsumbua.

Mangi Duka (3:52)
Mifuko ya PICS nimebakiwa nayo mitano. Nani na nani?

Baba Ibra (3:52)
Miwili.

Mama Glory (3:53)
Mmoja, na mishumaa pakiti moja ya mama. Siyo katoni.