Bei imeandikwa vijisanduku! Mnaopamba matangazo kwa namba za saa ya dijitali mnakera

Wakuu, leo sina simile.

Hivi nani kawadanganya wauzaji wa mtandaoni kwamba bei ikiandikwa kwa zile tarakimu za mtindo wa kalkuleta ndiyo inakuwa ya kisasa? Nafungua tangazo la kioo cha simu, picha safi, maelezo yamenyooka, nafika kwenye bei: TSh ▯▯,▯▯▯. Namba ya simu nayo vijisanduku vitupu. Namuuliza muuzaji kwenye maoni, ananijibu, "Boss, simu yako ya kizamani, badilisha." Yaani hela ninayo mimi, kioo nataka mimi, halafu ninunue kwanza simu mpya ndiyo nijue bei ya kioo cha hii niliyonayo!

Na alama zenyewe wala hamjui zimetoka wapi. Ziliingizwa kwenye Unicode, ile orodha ya kimataifa ya herufi na alama zote za kompyuta na simu, toleo la 13, Machi 2020, kundi zima la alama 212, kwa ajili ya kuhifadhi maandishi na michoro ya kompyuta za miaka ya 1970 na 1980: Commodore 64, TRS-80, Atari, pamoja na teletext, zile kurasa za maandishi zilizokuwa zikioneshwa kwenye televisheni za Ulaya. Mtu akihamisha faili za enzi hizo, zisipotee. Kazi ya maana kabisa, mimi siipingi. Septemba 2024 likaja toleo la 16 na kundi jingine, humo mna A mpaka Z zilizochorwa kingo tu, na najua hamtakawia kuandikia majina ya maduka. Sasa simu iliyotoka dukani kabla ya hapo, isiyopata fonti mpya, izioneshe kwa muujiza gani?

Hata zikionekana, bado ni hasara yenu. Mteja anatafuta kwa tarakimu za kawaida, tangazo halitokei. Jirani yangu haoni, simu inamsomea kwa sauti. Ikifika kwenye mapambo yenu inaruka, au inaropoka jina refu la alama kwa Kiingereza. Bei haijui, namba haijui, na ni mteja mzuri tu.

Halafu kuna nyie wa kamati za harusi. SMS ya kawaida inabeba herufi 160. Ukichomeka kialama kimoja tu cha hivi, ujumbe wote unashuka hadi nafasi 70, na kila kialama kinakula nafasi mbili. Ujumbe uliokuwa SMS moja unakatwa kama tatu, na unamtumia ukoo mzima. Mweka hazina akisema salio limeisha mnaanza kumkodolea macho!

Wenye majukwaa ya mauzo nao wasijifiche. Unicode yenyewe imeshaorodhesha kila tarakimu ya aina hii inalingana na ipi kati ya 0 na 9 za kawaida. Kuzigeuza ni hatua moja wakati tangazo linahifadhiwa, inaitwa NFKC, mtaalamu wenu yeyote anaijua. Iwekeni kwenye sehemu ya bei na ya namba ya simu, basi. Kwenye jina la duka, pambeni mpaka mchoke.

Mnaoona huu ni ushamba, karibuni, nipo hapa mpaka usiku.